Mgongo Hufungwa Kabla ya Kadi ya Kliniki

Hotuba kwa wakunga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa zetu, na wengine wote habari za asubuhi.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayotuponza. Kwenye kadi ya kliniki umri wa mimba tunauhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kiinitete chenyewe hakina habari na hedhi. Umri wake unaanza siku yai liliporutubishwa, na kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hiyo ni kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mama aliyeandikiwa wiki sita amebeba kiinitete cha wiki nne. Kila siku nitakayoitaja leo ni siku ya kiinitete, tangu kurutubishwa. Mkitaka kuihamishia kwenye kadi, ongezeni 14.

Sasa tupige hesabu. Siku mwanamke huyo anapotarajia hedhi asiione, kiinitete kina siku 14. Wengi hawashtuki siku hiyo. Anangoja wiki moja, anakwenda duka la dawa, ananunua kipimo cha mkojo, mistari miwili inatokea: hiyo ni siku ya 21. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unaanza kufungwa siku ya 22 na unamaliza siku ya 28. Moyo nao unaanza kudunda siku ya 22. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyewahi sana kupima amebakiwa na wiki moja tu. Yule anayekuja kwetu na mimba ya miezi mitatu, mgongo wa mwanawe ulishafungwa, au ulishindwa kufungwa, zaidi ya wiki sita nyuma. Sisi tunampa vidonge, tunampongeza kwa kuja mapema, na kweli vidonge vinamsaidia damu yake. Mgongo hatujaugusa.

Ndiyo maana nimeomba tutazame kwa makini namna viungo vinavyojijenga, siku kwa siku. Ukishajua kipi kinajengwa lini, hutamuuliza tena mama swali lilelile kwa wakati uleule.

Hapa mezani kuna trei ya mayai ya kienyeji kutoka banda lenye jogoo. Mayai ya kisasa ya dukani hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa kuku wa mayai hufugwa bila jogoo. Hata ukiyaweka kwenye mashine ya kutotolesha mwezi mzima utatoka na viza. Haya yamekaa kwenye mashine saa 72, kwenye joto la nyuzi 37.5 hadi 38. Tunatumia kuku kwa sababu moja nzuri: katika siku za mwanzo kiinitete cha binadamu nacho ni bapa dogo lililolala juu ya mfuko wa kiini, kama cha kifaranga, na hatua za kukunjwa kwake zinafanana mno.

Yai hufunguliwa hivi. Lilaze ubavu kwa nusu saa bila kuligeuza. Kile kiduara chenye uhai juu ya kiini ni chepesi kuliko kiini kilichobaki, hivyo kiini huzunguka chenyewe mpaka kiduara kitazame juu. Kisha toboa upande ulio butu, ingiza sindano ya bomba ikielekea chini, uvute mililita 2 au 3 za ute mweupe. Kiini kitashuka na kuachana na ganda. Ukiiruka hatua hii, mkasi utakata mishipa iliyogusana na ganda na utakachokiona ni damu tu. Ukielekeza sindano juu utatoboa kiini. Ukiona umanjano ndani ya bomba, yai hilo limekwisha, chukua jingine. Mwisho bandika selotepu juu ya ganda ili lisivunjike vipande, halafu kata dirisha la upana wa sarafu.

Sogeeni. Mnaona duara la mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi, na katikati yake kitone kinachodunda. Mwili wote hauzidi sentimita moja. Umejipinda, kichwa kikubwa, jicho limeshaonekana, na pembeni mwa mgongo kuna vibonge viwili viwili vimepangana mithili ya shanga. Moyo huo ulianza kudunda tangu siku ya pili. Aristotle aliandika habari za kitone hiki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwa kufanya hivihivi: kupasua yai moja kila siku na kutazama. Mwaka 1817 Christian Pander, naye akitumia mayai ya kuku, akaonyesha kwamba kabla ya kitone, kabla ya jicho, kuna matabaka matatu tu, na kila kiungo kinatokana na hayo.

Turudi kwa binadamu. Siku tano za kwanza nitazipita haraka. Yai lililorutubishwa lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Linagawanyika bila kukua: seli mbili, nne, nane, mpaka siku ya tano linakuwa kijipira chenye maji ndani. Seli za nje zitatengeneza kondo la nyuma, na kibonge kidogo cha ndani kitatengeneza mtoto. Siku ya sita au ya saba kijipira kinajichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba. Katika wiki hizi mbili za mwanzo, madhara makubwa kwa kawaida huua mimba nzima au hupona bila kuacha alama, kwa sababu seli bado zinaweza kuzibiana nafasi. Wiki ya tatu hali inabadilika kabisa.

Mwishoni mwa wiki ya pili kiinitete ni bapa la matabaka mawili, kama chapati mbili zilizobebana. Juu kuna mfuko wa maji, chini mfuko wa kiini. Karibu na siku ya 15, kwenye tabaka la juu, upande utakaokuwa wa makalio, unatokea mfereji mwembamba. Seli za tabaka la juu zinaanza kuusogelea, zinaachia mikono kutoka kwa jirani zake, zinazama mferejini na kutambaa chini. Zinazotangulia kuzama zinalisukuma tabaka la chini la zamani na kuchukua nafasi yake. Hiyo ni endoderma. Zinazofuata zinatanda katikati: mesoderma. Zilizobaki juu ni ektoderma. Chapati mbili zimekuwa tatu, na zote tatu zimetokana na ile moja ya juu.

Tabaka la juu litatoa ngozi ya nje, nywele, kucha, ubongo na neva. La kati litatoa misuli, mifupa mingi, moyo, mishipa, damu, figo na via vya uzazi. La chini litatoa utando wa ndani wa utumbo na wa mapafu, pamoja na ini na kongosho. Kila mara unapomwona mtoto mwenye kasoro zaidi ya moja, jiulize viungo hivyo vilikuwa majirani katika tabaka gani na wiki gani. Aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, kwa mfano, achunguzwe pia figo, moyo, umio na pingili za mgongo, kwa kuwa kasoro hizo hupenda kufuatana.

Kwenye ncha ya mfereji ule kuna kishimo chenye seli zenye vinyweleo vinavyozunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Mkondo huo mdogo ndio unaouambia mwili upi ni upande wa kushoto. Vinyweleo visipofanya kazi, moyo unaweza kuangukia kulia na ini kushoto. Mimi huliona jambo hilo kuwa la kushangaza kila ninapolieleza: sababu ya sisi sote hapa kuwa na moyo kushoto ni mkondo wa maji usioonekana kwa macho, katika siku ambayo mama wa kila mmoja wetu hakuwa na hakika kama ni mjamzito.

Seli zinajuaje la kufanya? Zinaambiana. Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold, huko Ujerumani, walichukua kipande kidogo cha tishu kutoka ukingo wa mahali seli zinapozamia katika kiinitete cha nyuti, mnyama wa jamii ya salamanda, wakakipandikiza tumboni mwa kiinitete kingine. Ukatokea mgongo wa pili, wenye mrija wake wa neva. Cha ajabu zaidi, sehemu kubwa ya mrija huo ilitengenezwa na seli za mwenyeji, seli ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo. Zilikuwa zimepewa amri na kipande kile. Mangold alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 25. Spemann alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1935. Tulichojifunza kwao ni kwamba tishu moja humwelekeza jirani yake, na jirani anaweza kuitikia kwa muda fulani tu. Amri ikichelewa, masikio yameshazibwa.

Mfano wake mkubwa ni mgongo. Katikati ya bapa, chini ya tabaka la juu, kunajengwa fimbo nyembamba ya seli iitwayo notokodi. Inaliamuru tabaka lililo juu yake linenepe. Linanenepa kama utepe mpana, kisha kingo zake mbili zinainuka. Fikirieni mkeka uliotandikwa ambao watu wawili wanauinua kingo zake za urefu mpaka zikutane juu. Siku ya 22 kingo zinagusana mara ya kwanza, usawa wa shingo. Kutoka hapo zinafungwa kama zipu yenye vishikio viwili, kimoja kinapanda kichwani, kingine kinashuka kiunoni. Tundu la juu linazibwa karibu siku ya 25, la chini siku ya 27 au 28. Kiinitete wakati huo ni kifupi kuliko punje ya mchele.

Kishikio cha juu kikikwama, ubongo unabaki wazi, unaliwa na maji ya uzazi, na mtoto anazaliwa bila fuvu la juu. Hao hawaishi. Kikikwama cha chini, tunapata mgongo wazi: uti wa mgongo umetandazwa juu ya ngozi kama ukurasa uliofunguliwa, pingili hazikuufunika, na neva za miguu, kibofu na haja kubwa zimeharibika kuanzia hapo kushuka. Wengi wao hupata pia kichwa kikubwa. Watu huuliza mgongo na kichwa vinahusiana vipi. Maji ya ubongo yanapovuja mgongoni, sehemu ya nyuma ya ubongo huvutwa chini na kujikaba kwenye tundu la fuvu, basi njia ya maji inaziba na kichwa kinavimba. Ndiyo maana mtoto aliyeshonwa mgongo lazima apimwe mzunguko wa kichwa kila anapokuja, na namba iandikwe.

Mkimpokea mtoto wa mgongo wazi chumba cha kujifungulia, fanyeni haya bila kungoja daktari. Mlazeni kifudifudi au ubavu. Funikeni kidonda kwa gozi safi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na juu yake plastiki safi ili gozi isikauke. Gozi ikikauka itang'ang'ania neva na kuzichuna. Msipake spiriti, majivu wala dawa ya kienyeji. Tumieni glavu zisizo za mpira asilia zikiwepo, kwa sababu watoto hawa hupata mzio wa mpira huo kwa urahisi. Mtoto anyonye. Apelekwe panapofanyika upasuaji. Hapa kwetu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na shabaha ni afungwe mgongo ndani ya saa 48, kabla wadudu hawajaingia kwenye ubongo. Familia nyingi huchelewa kwa sababu ya aibu na maneno ya majirani kuhusu laana na mashetani. Mwambieni baba mbele ya mama kwamba hiki ni kifungo kilichokwama siku ya 28, na mama hakuwa na namna ya kukiona.

Kwa nini zipu inakwama? Kingo zile zinapoinuka, seli zake zinagawanyika kwa kasi kubwa, na kila seli inayogawanyika inahitaji kunakili vinasaba vyake. Foleti, vitamini ambayo kwenye vidonge huitwa foliki asidi, inahitajika kwa kazi hiyo. Ikipungua, kingo zinachelewa, na wakati wa kukutana ukipita haurudi. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio kwa wanawake waliokwishazaa mtoto mwenye kasoro hiyo: miligramu 4 za foliki asidi kila siku, kuanzia kabla ya mimba, zilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Sio kila kisa kinazuilika, lakini ni vichache katika tiba vyenye faida ya namna hiyo kwa kidonge cha bei ndogo hivyo.

Foleti siyo sababu pekee. Sukari ya mama ikiwa juu katika wiki hizo inaharibu mgongo na moyo. Homa kali nayo imehusishwa. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti huleta mgongo wazi kwa mtoto 1 au 2 kati ya 100, na ukijumlisha kasoro kubwa zote ni karibu 1 kati ya 10. Na kuna mahindi yenye kuvu. Sumukuvu mnayoisikia zaidi ni aflatoksini, lakini iko nyingine, fumonisini, inayoota kwenye mahindi na inayovuruga namna seli zinavyoingiza foleti. Ilihusishwa na kasoro za mgongo kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, kwa watu ambao mahindi ni chakula chao cha kila siku kama sisi na ugali. Kuchambua punje zilizooza na zenye ukungu kabla ya kupeleka mashineni kunapunguza sumu hiyo. Ni kazi ya dakika chache kwenye ungo.

Kuna kundi la seli nataka nilikalie kidogo, maana hatulitaji kabisa. Zipu inapofungwa, seli za pembeni kabisa mwa kingo hazibaki kwenye mrija wala kwenye ngozi. Zinachomoka na kusafiri. Nyingine zinakwenda usoni kutengeneza mifupa ya taya, nyingine zinakuwa rangi ya ngozi, nyingine zinaingia moyoni kugawanya mishipa mikubwa. Zilizotoka usawa wa shingo zinaingia kwenye utumbo na kuufuata kwa urefu wake wote, zikiacha neva njiani. Zinafika mwisho karibu wiki ya saba. Safari ikikatika kabla ya mwisho, kipande cha utumbo mpana kilichobaki hakina neva. Hakilegei, kinyesi hakipiti, na utumbo ulio juu yake unavimba. Kwa hiyo swali moja la mkunga siku ya pili lina uzito: mtoto ametoa kinyesi cha kwanza, kile cheusi chenye kunata? Watoto 9 kati ya 10 waliotimiza miezi hukitoa ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila kitu, tumbo limejaa na anatapika kijani, msimpe dawa ya kumharishisha wala kumwingizia kipande cha sabuni. Apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa watoto.

Moyo unaanza kama mirija miwili ya tabaka la kati inayoungana kuwa mmoja. Mrija huo unakua haraka kuliko nafasi iliyopo, basi unajipinda kulia, na katika kujipinda huko vyumba vinapata mahali pake. Kati ya siku ya 27 na 37 kuta zinajengwa ndani, wakati pampu inafanya kazi, kama fundi anayejenga ukuta katikati ya mto bila kuzuia maji. Hapo ndipo matundu ya moyo yanapobaki. Watoto kama 8 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai wana kasoro ya moyo ya namna fulani. Siku ya kwanza wengi huonekana wazima, kwa kuwa mshipa wa akiba ulio karibu na moyo, uliotumika alipokuwa tumboni mwa mama, bado uko wazi. Mwenye kifaa cha kupima oksijeni apime mkono wa kulia na mguu mmoja baada ya saa 24: chini ya asilimia 95 kote kuwili, au tofauti ya zaidi ya 3 kati ya mkono na mguu, pima tena baada ya saa moja, ikibaki hivyo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo hapahapa mjini. Asiye na kifaa amtazame mtoto akinyonya: anayekatiza kila baada ya mafundo machache, anatoka jasho kipajini na hapati uzito, huyo moyo wake usikilizwe.

Tabaka la chini linajikunja kuwa mrija wa chakula bapa linapojipinda kuwa mwili, wiki ya nne. Katika wiki hiyohiyo kifuko cha mapafu kinachipua mbele ya umio na kutengwa nao kwa ukuta. Ukuta ukikosewa, umio unaishia kama kifuko au unafunguka kwenye koo la hewa: mtoto anatoa povu mdomoni na kupaliwa anaponyonya mara ya kwanza. Msijaribu mara ya pili. Pitisheni mpira wa tumboni, na ukikwama kwenye sentimita 10 hivi mmeshapata jibu. Wiki ya sita utumbo unakuwa mrefu kuliko tumbo, unatokeza ndani ya kitovu, unazunguka nyuzi 270 na kurudi ndani wiki ya kumi. Usiporudi, mtoto anazaliwa na utumbo kwenye mfuko wa kitovu. Mdomo wa juu unaungana kati ya wiki ya tano na ya saba, kaakaa baadaye kidogo, na kwa sababu hiyo mtoto anaweza kuwa na mdomo mzima na kaakaa lililopasuka. Ingizeni kidole safi mdomoni, mkiwa na mwanga, kwa kila mtoto.

Mikono inachipua siku ya 26, miguu siku mbili baadaye, na vidole vinaachana mwishoni mwa wiki ya nane kwa seli zilizo kati yake kufa kwa mpango. Dawa ya thalidomaidi, iliyouzwa Ulaya kati ya 1957 na 1961 kwa usingizi na kichefuchefu, iliharibu viungo pale tu mama alipoimeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi. Kidonge hichohicho wiki kadhaa baadaye kilimwacha mtoto na mikono yake.

Sasa dawa za kwetu. Msiogope kutibu. Malaria yenyewe ni hatari kwa mimba changa kuliko dawa yake, na tangu Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mseto, yaani ALu, hata katika miezi mitatu ya kwanza. SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, hupingana na foleti, ndiyo maana haitolewi kabla ya wiki ya 13 ya kadi. Anayetumia dawa ya kifafa asiiache ghafla. Aonwe na daktari kabla ya kubeba mimba ili abadilishiwe. Kuhusu dolutegraviri kwenye ARV: mwaka 2018 takwimu za mwanzo kutoka Botswana zilileta hofu, kasoro 4 za mrija wa neva kwa wanawake 426 walioanza mimba wakiitumia. Walipoendelea kuhesabu maelfu, tofauti ilitoweka. Mama aendelee na dawa yake ya kufubaza virusi.

Vidonge sasa. Kwa mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba, kipimo ni foliki asidi maikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku, kuanzia walau mwezi mmoja kabla ya mimba na ikiwezekana mitatu, hadi wiki ya 12 ya kadi. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji miligramu 4, na kwa kuwa cha miligramu 5 ndicho kinachopatikana kwa urahisi, hutumia hicho, kwa maagizo ya daktari. Hapa watu hukosea. Wanampa kila mjamzito kile cha 5 na kumwendeleza nacho miezi tisa. Kiwango hicho hudhoofisha SP. Ukifika wiki ya 12, shusha hadi 0.4, ndipo uanze SP kuanzia ya 13. Na soma pakiti ya vidonge vya kuongeza damu: vipo vyenye foliki 0.25 na vipo vyenye 0.4, na havifanani.

Mtaniambia mchicha, kunde na maharage vina foleti. Vina, na vizuri vipikwe kwa muda mfupi na maji yake yasimwagwe, lakini ni vigumu kufikia kiwango hicho kwa sahani peke yake. Unga wa ngano wa viwandani huongezwa foliki asidi. Sembe na dona nyingi tunazokula zinasagwa mashine za mtaani, ambako haziongezwi kitu.

Basi tunampata wapi mwanamke kabla ya siku ya 22? Kliniki ya wajawazito haiwezi kumpata. Nimetafuta katika kazi zetu za kila siku, na mahali nilipopaona pana mlango ni pale anapokuja kutoa kijiti au kitanzi, au anapokataa sindano ya miezi mitatu inayofuata. Huyo anatuambia kwa kitendo kwamba anataka mtoto. Leo tunamtoa kijiti, tunambandika plasta, tunampa panado, anaondoka. Rutuba inaweza kurudi ndani ya mwezi huohuo. Mlango mwingine ni kliniki ya watoto: mama aliyeleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu kupimwa uzito, aliyeacha kunyonyesha, asiye na njia ya uzazi wa mpango. Wa tatu ni kliniki za kisukari, kifafa na CTC, yaani kliniki ya VVU, ambako wanawake wenye hatari kubwa zaidi huja kila mwezi kwa tarehe.

Maneno ya kumwambia ni machache. "Mama, ukipata mimba, mgongo wa mtoto utafungwa kabla hujajua. Kidonge hiki kimoja kila siku, anza leo, usingoje kukosa siku zako." Kisha mpe vya mwezi mzima mkononi, andika tarehe ya kurudi, na kwenye rejesta, mbele ya neno kijiti kimetolewa, andika: foliki imetolewa, miligramu 0.4, vidonge 30.